Gitaa Limepigwa Gundi Mwezi Gani?

Mtu akiliona gitaa kavu nililolitengeneza mwenyewe, swali la kwanza huwa ni mbao gani hii. La pili, unauza bei gani. Kama anajua kupiga hatauliza la tatu, atalichukua tu, atavuta nyuzi mbili tatu huku ameinamisha sikio. Sijakutana na mnunuzi anayeuliza lilipigwa gundi mwezi gani, ilhali mimi nikikutana na mtengenezaji mwenzangu hilo ndilo ninalomuuliza kabla hatujamaliza salamu.

Sifanyi kazi hii kwa riziki. Kinachonilisha ni kazi ya ofisini, na magitaa ni ya jioni na Jumamosi, kwenye chumba cha uani kilichokuwa stoo. Ninaishi Dar es Salaam, na kwa shughuli hii jina la mji lina uzito kuliko jina la mbao. Mafunzo mengi ya kutengeneza gitaa yametoka kwa watu wa Hispania, Marekani na Uingereza. Wakisema "acha mbao itulie chumbani", chumba wanachokizungumzia si changu. Wao hulenga hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Huku kwetu asubuhi ya kawaida inapita 80, na masika ikishika, Machi hadi Mei, hata mchana haushuki kwa kiasi cha kumfurahisha mtu.

Nitaeleza kwa hesabu, maana bila hesabu jambo hili linafanana na ushirikina. Mbao haikauki ikamaliza. Kila siku inakunywa maji ya hewani na kuyatoa, miaka yote, hata ikiwa imeshakuwa kabati. Kwenye hewa ya asilimia 80 mbao nyingi hutulia zikiwa na maji ya karibu asilimia 16 ya uzito wao mkavu. Kwenye hewa ya 45 hutulia kwenye 8 na kitu. Ubao wa mbele wa gitaa, ule wenye tundu, una upana wa sentimita 38 hivi pale kwenye makalio. Uhamishe ubao huo wa sprusi, mti wa nchi za baridi, kutoka hewa ya kwanza kwenda ya pili na upana wake utataka kupungua kwa zaidi ya milimita 3. Urefu wake hautikisiki. Sasa ndani ya ubao huo tumegandisha mataruma, vile vijiti vya kuuimarisha, yanayopita kukingama, na mataruma hayo kwa urefu wao hayasinyai. Ubao unavuta, mataruma yanakataa. Palipo na udhaifu ndipo patakapochanika, na mara nyingi huchanika usiku, kwa mlio wa kukutoa kitandani.

Hilo nilifundishwa na gitaa la mtu mwingine. Mwalimu wa kwaya wa Dodoma aliniletea gitaa lililotengenezwa hapa hapa Dar, kazi safi ya mikono, mgongo umepasuka kutoka chini mpaka karibu na shingo. Ncha za freti, vile vyuma vinavyokingama shingoni, zilikuwa zimechomoza pembeni, akipandisha mkono zinamkwaruza. Nikalipeleka Keko kwa mzee mmoja seremala wa vitanda na makabati, ambaye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kunoa randa ikanyoa nywele za mkono. Alivaa miwani, akapitisha kucha kwenye ufa, kisha akachungulia ndani kwa tochi ya simu.

"Shikamoo Mzee," nilimwambia, maana alikuwa amesahau kama nimeingia.

"Marahaba. Galatoni hili limepigwa gundi lini?"

"Mwenyewe anasema alilichukua mwezi wa tano."

"Basi lilipigwa gundi mvua ikinyesha. Limekwenda kujikausha Dodoma. Hata mlango ungepasuka."

Alisema hivyo, akarudi kwenye kitanda chake. Mimi nilibaki na gitaa mkononi nikizitazama zile freti. Kumbe hazikuwa zimechomoza zenyewe, bali ubao wa vidole, ule unaozishika, ulikuwa umenywea upana ukaziacha nje. Chuma hakinywei.

Kwa hiyo kifaa ninachomwambia mtu anunue kabla ya randa na kalipa ni kipimo cha unyevu wa hewa. Vile vidogo vya kidijitali havina bei kubwa, na vingi vinadanganya. Kukijaribu hakuhitaji maabara. Chukua kizibo cha chupa ya maji, ukijaze chumvi ya mezani, dondoshea maji mpaka chumvi ilowe yote bila kuyeyuka. Kizibo na kipimo vitie ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, funga, lala. Hewa iliyofungiwa na chumvi mbichi hukaa kwenye asilimia 75, uwe Tanga au uwe Oslo. Asubuhi soma. Changu kilisoma 81, basi nimebandika plasta mgongoni mwake nikaandika "toa 6", na tangu hapo tunaelewana.

Chumba changu nimekiziba matundu na kukiwekea kiyoyozi kidogo cha mtumba. Watu hudhani ni anasa ya fundi wa Jumamosi. Kiyoyozi kinakamua maji hewani. Siku za masika bomba lake linajaza ndoo, na mama watoto anayamwagilia mchicha. Ndiyo faida pekee anayoitambua katika shughuli hii nzima, kwa sababu umeme wa LUKU tunachangia. Asiye na kiyoyozi anaweza kutengeneza kabati la kuingia mbao tu, chini likawa na balbu ya kizamani ya wati 40, ile inayotoa joto. Hewa ikipata joto kidogo unyevu wake unashuka. Ila uwe na kipimo ndani na usilale ukaisahau, maana mbao iliyokaushwa kupita kiasi nayo itavimba ikitoka, na gitaa litaota kitambi.

Kila ubao unaoingia naupima kwenye mizani ya jikoni, naandika gramu na tarehe kwa penseli kwenye pembe. Mwenye duka la mbao atakuapia kwamba ni mkavu wa miaka. Mizani haiapi. Inashuka gramu, inashuka gramu, halafu siku inafika inagoma kushuka, wiki hii na wiki ijayo ni ile ile. Hapo ndipo ninapouona ubao huo kama mali. Kupiga gundi mataruma nakuweka kwenye kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa yenyewe ikinisaidia na kiyoyozi kikipumua. Masika nafanya kazi zisizo na madhara: kuchonga shingo, kutengeneza vifaa, kukata urembo wa tundu.

Sasa mbao. Hapa watu wanapenda kubishana, na mimi napenda kuwakumbusha Antonio de Torres, yule fundi wa Hispania ambaye umbo la gitaa la leo la nyuzi za nailoni limetokana naye kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake, zile kuta za pembeni, zilikuwa za karatasi ngumu iliyogandishwa, ubao wa mbele tu ndio mbao ya kweli ya gitaa. Alitaka kuonyesha sauti inatoka wapi. Gitaa hilo lipo mpaka leo kwenye jumba la makumbusho ya muziki, Barcelona. Kwa hiyo mtu akinieleza kwa dakika kumi kwamba mgongo wake ni wa mbao adimu kutoka Brazili, namsikiliza kwa adabu.

Hiyo haina maana kwamba mgongo ni wowote tu. Mimi natumia mninga, na sababu yangu kubwa ni ileile ya unyevu. Mninga hauvimbi wala kunywea sana. Mafundi wa Keko wanalijua hilo bila kipimo chochote: mlango wa mninga haubani masika. Mbao inayofaa mlango wa Dar inafaa mgongo wa gitaa la Dar, sikuhitaji kitabu. Juu ya hayo ni nyepesi kwa mbao ngumu, inapigika randa, na ukiishika ubao kwa vidole viwili sehemu ya robo kutoka juu, ukaugonga katikati kwa kifundo cha kidole, unalia kwa muda. Mkongo nao ni mzuri wa kutazama lakini ni mzito, na vumbi lake linanitia chafya mpaka machozi. Vumbi lolote kati ya haya si la kuvuta, barakoa ivaliwe. Tatizo la mninga ni nyuzi za mbao zinazopishana. Huku zinalala kushoto, kidole kimoja mbele zinalala kulia, na randa butu inazing'oa. Napita maduka ya Keko na Buguruni nikitafuta ubao ulionyooka, nauinua mmoja baada ya mwingine, na vijana wa dukani wamezoea kunicheka.

Shingo ndipo nilipopata raha nisiyoitarajia. Magitaa ya Kihispania kwa desturi yana shingo ya sedrela, mti wa Amerika ya Kati na Kusini, mwepesi, wenye harufu tamu, usiopinda hovyo. Nilidhani nitauagiza ng'ambo. Kumbe ulipandwa Tanzania zamani, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umestawi hadi umekuwa kero, unaisonga miti ya asili ya pale na wahifadhi wanahangaika kuupunguza. Mbao ambayo mafundi wa Granada wanaihesabu kwa kipande, kwetu ni mgeni aliyekataa kuondoka. Nilipopata ubao wake kwa mara ya kwanza nilikaa nao mezani nikiunusa, watoto wakaniona nimechanganyikiwa.

Ubao wa vidole na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya ubao wa mbele, ni mpingo, na hapa siyumbi. Ni mbao nzito inayozama majini, ngumu kiasi kwamba kucha za mpigaji hazitaichimba maishani mwake. Dunia nzima inautumia kwa klarineti na obo, na sehemu kubwa inayouzwa nje inatoka misitu ya Lindi na ukanda huo wa kusini. Tabu ni kwamba mti wenyewe ni mfupi, umejipinda, mara nyingi una uwazi moyoni, na huchukua miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kukatwa. Ubao wa vidole unataka kipande kilichonyooka cha nusu mita, upana wa sentimita 7, bila jicho. Nenda Mwenge kwa wachonga vinyago ukaombe kipande cha namna hiyo, uone watakavyokutazama. Wao wanaufuata mti unavyojipinda, wewe unauomba unyooke. Mabaki yao hata hivyo yanatosha daraja, na mabaki ni halali kuyauliza.

Uulize pia karatasi. Mpingo wa gizani ni rahisi na unaua msitu. Gogo halali lina alama ya nyundo na kibali cha kusafirishia, na vipo vijiji vya Kilwa vinavyovuna misitu yao kwa utaratibu mzuri kiasi cha kupata cheti cha kimataifa cha FSC mwaka 2009. Ukiwa na mawazo ya kumuuzia mtu wa Muscat au Berlin, ujue kwamba mpingo na karibu ndugu zake wote wa Dalbergia wamo tangu mwaka 2017 kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Usumbufu ulikuwa mkubwa kwa wanamuziki mpaka mwishoni mwa 2019, vyombo vya muziki vilivyokamilika vilipoondolewa masharti hayo. Mbao ghafi bado yanaihusu.

Mpingo unakauka polepole mno na ukiharakishwa unapasuka kuanzia ncha. Unapofika nyumbani naupaka nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili, naandika tarehe, nauweka juu ya kabati, nausahau. Kuna vipande pale juu ambavyo vitakuwa gitaa nikishastaafu.

Ubao wa mbele ndio tu ninaouagiza. Sprusi haioti kwetu. Nimejaribu podo ya milimani, na gitaa lilitoka na sauti laini, ya upole, ikifaa kuimbia mtoto. Kwa kwaya haikutosha. Nitaijaribu tena kwa mataruma membamba zaidi, lakini kwa sasa sprusi ya Ulaya inakuja kwa posta, mbao mbili pacha zilizopasuliwa kwenye gogo moja, na inapimwa mizani kama wengine.

Kupinda mbavu watu wanakuogopa bure. Nina kipande cha bomba la ekzosi nilichokatiwa mtaani Gerezani, kimebanwa kwenye jiliwa, ndani yake naelekeza moto wa gesi. Usichukue bomba lililopakwa zinki, moshi wake ni sumu. Tone la maji likirukaruka juu ya bomba badala ya kuchemka tu, joto limefika. Ubavu wa mninga una unene wa milimita 2. Naunyunyizia maji kidogo sana, naulaza juu ya bomba na kuusukuma taratibu. Kwa muda hakuna kitu, unasukuma mbao tu. Kisha ghafla unahisi mikononi kwamba imekubali, imelegea, inakwenda unakotaka, na una sekunde chache. Ukiulowesha mno utaota mawimbi ambayo msasa hautayamaliza. Pale kiunoni ndipo panapovunjika, basi anzia kiunoni, ili kama ni kuvunjika uvunjike kabla hujachoka.

Vibanio vya kuanikia nguo ndivyo klampu zangu za kubania ukingo wa ndani. Mama watoto huvihesabu kabla ya Jumamosi, la sivyo nguo zinaanikwa na mawe.

Freti ni hesabu ya darasani. Urefu wa nyuzi ukiwa milimita 650, gawanya kwa 17.817, unapata 36.48, hapo ndipo freti ya kwanza. Toa, gawanya kilichobaki kwa namba ileile, endelea. Ya kumi na mbili inaangukia 325, nusu kamili. Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, mwaka 1581 alipendekeza kugawa kwa 18, namba isiyo na mkia. Jaribu uone: ya kumi na mbili inakosa nusu kwa zaidi ya milimita 2. Wapigaji wa enzi zile hawakudhurika sana, kwa kuwa kubonyeza uzi kunaupandisha sauti kidogo na kosa linajifunika. Leo tuna kikokotoo kwenye simu, hakuna kisingizio.

Ninapotaka kukaa zaidi ni kwenye kumalizia, kwa sababu huko ndiko gitaa zuri linakoharibiwa na watu wenye nia njema. Mzee wa Keko anataka gitaa ling'ae kama gari la harusi. Kwa kabati la sahani yuko sahihi. Kabati halina kazi ya kutetemeka. Ubao wa mbele nimeunyoa mpaka milimita 2.7, nimepunguza mataruma kwa patasi kidogo kidogo huku naugonga na kusikiliza, halafu niumwagie rangi nene ya kuuzuia usitetemeke? Tabaka lote la mwisho, ukijumlisha mikono yote ya upakaji, napenda lisizidi sehemu ya kumi ya milimita.

Kabla ya rangi ni msasa, na msasa ni kuchosha, sitaupamba. Namba 120, 180, 240, 320. Kabla ya ule wa mwisho napitisha kitambaa chenye maji kidogo, nyuzi za mbao zinasimama, zikikauka nazikata. Kitambaa hicho hicho kina kazi ya pili: palipodondokea gundi pataonekana pamepauka, hapajanywa maji. Usipopaona sasa utapaona rangi ikiingia, na hapo umechelewa.

Shelaki ndiyo ninayoipenda. Ni utomvu wa mdudu wa India, unauzwa kama magamba ya rangi ya asali, unauyeyusha kwenye spiriti, mimi kwa kipimo cha gramu 120 kwa lita. Spiriti iwe kali, ya duka la kemikali; ile yenye maji itakufanyia madoa meupe. Unafunga pamba ndani ya kipande cha fulana iliyochakaa, unaitia shelaki, tone moja la mafuta usoni ili isinate, unapaka kwa kuzungusha mkono bila kusimama. Ukisimama, kitambaa kinang'oa ulichokwisha kupaka. Mninga una vitundu, basi mwanzoni nanyunyiza unga laini wa jiwe la pumisi, nao unasaga vumbi la mbao yenyewe na kuliingiza vitunduni pamoja na shelaki. Matokeo ni kwamba mbao imejazwa na mbao. Shelaki iliyoyeyushwa ikikaa miezi sita inachoka, haigandi tena. Dondosha tone kwenye kioo jioni. Asubuhi likipokea alama ya kucha, mwaga.

Muda wa kupaka ni saa tano asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa limekausha hewa. Kinachotokea nje ya muda huo kinawasumbua hasa wanaopiga laka kwa kompresa. Thina ikiruka inachukua joto la uso wa mbao, uso unapoa, mvuke wa hewa unagandia pale na kufungiwa ndani. Gitaa linapauka jeupe mbele ya macho yako. Nimeona kijana wa rangi akiongeza mkono mwingine wa laka kuficha weupe, na kila mkono unaleta weupe wake. Dawa ni kusubiri siku kavu, au kutumia thina inayoruka polepole.

Lakini shelaki ina adui mmoja mkubwa Dar es Salaam, nalo ni jasho. Mpigaji wa baa au wa mkesha, amevaa fulana isiyo na mikono, analaza mkono kwenye ukingo wa gitaa saa nne mfululizo. Baada ya miezi michache sehemu hiyo imelainika na imekuwa nyeusi. Pombe ikimwagikia ndiyo kabisa, shelaki inayeyuka ilivyoyeyushwa. Gitaa la mtu wa namna hiyo nalipeleka lipigwe klia ya magari, nyembamba, kwa mtu mwenye kibanda cha kupulizia rangi na barakoa ya makatriji, maana hadena yake, ile ya kuigandisha, inaharibu mapafu. Shingoni sipaki chochote kinachong'aa kwa mtu yeyote. Mkono wenye jasho unanata. Mafuta tu, nayafuta, basi.

Na rangi haizuii unyevu, hata iwe nene vipi. Inauchelewesha. Ndani ya gitaa hakujapakwa kitu, na tundu liko wazi.

Daraja linagandishwa mbao kwa mbao, rangi ikiwa imekwanguliwa chini yake, na mpingo umetoka kupigwa randa siku hiyo na kufutwa kwa asetoni, kwa sababu una mafuta ya asili yanayoikataa gundi. Nyuzi za chuma zinalivuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi usiku na mchana. Gundi nyeupe ya mbao inalainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani Kariakoo linakaribia hapo bila tabu. Rafiki yangu alilirudisha gitaa daraja limeinuka ncha ya kisu inapita. Alikuwa ameliacha kwenye buti akaingia msikitini Ijumaa.

Mfupa unaokaa juu ya daraja nautengeneza wa ng'ombe, wa mguu. Bucha wananipa bure. Unachemshwa, unakwanguliwa mafuta, unalowekwa kwenye peroksaidi mpaka uwe mweupe, unapigwa tupa. Hapa ndipo kipimo cha unyevu kinaporudi kwenye maisha ya mnunuzi. Masika ubao wa mbele unavimba, unainuka, nyuzi zinakwenda juu na vidole vinauma. Kiangazi unashuka na nyuzi zinagonga freti. Kwa hiyo kila gitaa ninalolitoa linatoka na mifupa miwili: mmoja mfupi wenye herufi M, masika, na mmoja mrefu kidogo wenye K. Tofauti yao ni chini ya milimita moja. Anayejua kubadilisha nyuzi anajua kubadilisha mfupa.

Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, alinipigia simu mpigaji wa kwaya ya Tabata, kwamba gitaa limebadilika, nyuzi ziko juu, pengine shingo imepinda. Nikamwambia afungue bahasha niliyompa. Kimya. Kisha nikamsikia anauliza mtu ndani ya nyumba, na sauti ya kike ikajibu kwamba kile kimfupa alipewa mtoto akitafuna wakati meno yanaota. Nilichonga mwingine jioni ile ile kwa kubahatisha, akaja nao siku mbili baadaye nikaupunguza tena. Siku hizi kabla sijaufunga mgongo wa gitaa naandika vipimo vya mifupa yote miwili kwa penseli, ndani, mahali panapoonekana ukichungulia tunduni, na chini yake mwezi.